Viti Arubaini

Nilihamia Kiembeni na godoro, jiko la mafuta,
na karatasi za majina ya watu nisiowajua.
Kwetu Wundanyi ukungu ndio hukuamsha.
Huku ni gurudumu la mkokoteni wa maji
na Katana akinadi, "Ya Baricho! Ya Baricho!"
ilhali sote twajua ni ya kisima.

Wiki ya kwanza sikujua taka hutupwa wapi,
sikujua nani huuza mbaazi, nani huuza maneno.
Lakini nilijua nyumba ya tano ina kura nne,
ya sita ina mbili, na mbwa.
Niliujifunza mtaa kama mwizi:
kwa mageti.

Geti la kijani: mtoto, "Mama amesema hayupo."
Geti la mabati: "Mwaja mkitaka. Mkishapata?"
Geti jeusi: jicho moja tunduni,
kisha tundu tupu.
Nami nasukuma kijikaratasi chini ya kila mlango,
chenye uso wa Bi. Umazi, mgombea wetu,
akitabasamu kama mtu aliyekumbuka chungu kiko motoni.

Nilimwamini. Nalisema bila haya.
Aliahidi taa kwenye kichochoro cha nyuma ya machimbo,
na hakuahidi zaidi.
Malipo yangu yalikuwa chai, nauli,
na fulana ya chungwa iliyochuja
hadi shuka zangu zikawa za chama.

Alasiri moja, kwenye karai la viazi,
Mbeyu aliniuliza bila kuinua macho,
"Na wewe dada, kura yako i wapi?"
Mafuta yakatatarika.
"Wundanyi," nikasema.
Akacheka, si kwa ubaya.
"Basi wewe ni mpishi wa chungu usichokila."
Akaniongezea kiazi kimoja, na ukwaju,
nami nikakila nimesimama, kama mpita njia.

Tulishindwa kwa kura sitini na moja.
Usiku ule nilizihesabu kwa mageti
na sikufika mbali: zilikuwa karibu mno.
Mwenye ofisi alibadili kufuli
kabla wino haujatoka vidoleni mwa watu.
Bi. Umazi akapiga simu, sauti imemkauka:
"Mwanangu, viti viweke kwako. Nitatuma gari."

Gari sijaliona.
Yeye aligombea kiti kimoja, akakikosa;
mimi sikugombea chochote, nikabakia na arubaini,
vya plastiki, vyeupe, vimepandana hadi darini.
Nililala kando yake
kama niliyelala kando ya mkutano
uliokataa kuanza.

Kisha kina Mwero wakafiwa, usiku wa Ijumaa.
Mlango wangu ukabishwa. Wangu!
Nilisimama nyuma yake kitambo,
nikijua sasa jicho la tunduni huona nini.
"Ni hapa kwa dada wa viti?"

Ni hapa.

Vikaenda matangani, vikarudi na masizi.
Vikaenda arusini, vikarudi na pilau mikunjoni.
Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa chama gani;
chama cha akina mama cha Jumapili
kikachukua ishirini, kikanichukua na mimi,
nikapewa daftari la michango
kwa kuwa, walisema, majina yetu
huyu ameshayazoea.

Leo nimevihesabu mara mbili. Thelathini na tisa.
Kimoja nakijua kiliko: nje ya geti jeusi.
Lile jicho sasa lina uso, lina redio ndogo,
lina miguu iliyovimba kwa miaka ya ulinzi wa usiku.
Bwana Tsofa aliponiona
alishika mkono wa kiti, akaukaza.
"Karibu," akasema. "Ila kiti ni kimoja."

Nikaketi juu ya jiwe.
Kichochoro cha nyuma ya machimbo kilikuwa kimeshaingia giza,
lile lile.
Akaongeza sauti kidogo,
tukasikiliza taarifa ya habari.