Mara Nne

Chini ya nyumba ya mama yake Ghislain, mjini Sudbury,
Januari, baridi ya kupasua chupa,
tulichoma muziki
kwa kompyuta yenye feni ya kukohoa
na kopo la sahani tupu hamsini.

Aulis hakutaka masihara.
"WAV," alisema, kama anayetaja jina la marehemu.
"Na uchome polepole, mara nne, usizidishe.
Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Ghislain akacheka. "Nani atasikia tofauti?
Yule wa lori la mgodi, hita inanguruma, dirisha halifungi?
MP3, mia na ishirini na nane, tumalize tukale."

Mimi nilikuwa mpiga besi,
kwa hiyo hakuna aliyeniuliza.

Lakini usiku nilizilinganisha, moja sikio hili, moja lile.
Matoazi ya Oona kwenye WAV: mvua ya mawe juu ya bati.
Kwenye MP3: mtu anakaanga samaki chumba cha pili.
Na pale anapovuta pumzi kabla ya kuimba wimbo wa tatu,
pumzi haipo.
Mashine imeipima, ikaona haina kazi.
Ukiirudisha iwe WAV, faili hunenepa tu,
koti kubwa, mwili uleule,
pumzi hairudi.

Kuhusu mji, kila mtu na lake.
Mwenye baa: bendi za hapa zina kelele za mgodini
bila mshahara wa mgodini.
Bruno wa duka la magitaa: muziki ulikufa
wiki ileile bendi yake ilipovunjika.
Na waliosema kwa sauti kuu "hapa hakuna kitu"
ndio waliobembeleza mlangoni waingie bure.
Kiingilio dola tatu.
Tulipiga mbele ya watu kumi na mmoja,
wanne kati yao bendi inayofuata.

WAV ilishinda kwa sababu Ghislain alilala.
Sahani saba ziliharibika;
kiangazi mama yake alizitundika kwenye nyanya kufukuza ndege,
na ndege ndio waliotutazama kwa makini zaidi.
Zilizobaki, tuliuza sita.
Chema chajiuza, wanasema.
Chetu tulikitembeza hadi North Bay, tukarudi nacho.

Miaka kumi na tisa.
Duka la mitumba, ndani ya kasha la nyimbo za Krismasi,
mwandiko wangu, wino wa buluu uliochujuka.
Chini yake mwandiko wa mtu mwingine, kalamu nyeusi:
*Wa tatu mzuri. Ngoma ziko juu mno.*

Nilisimama, buti zikidondosha theluji sakafuni.
Kuna mtu alifika hadi wa tatu.
Kuna mtu alitafuta kalamu.
Na ni kweli, ngoma zilikuwa juu mno,
Aulis alisema hivyo hivyo wakati ule,
tukamwambia ana masikio ya fundi bomba.

Nililipa dola moja.
Gari langu halina pa kuingiza sahani.
Nikampigia Aulis palepale maegeshoni, nikamsomea.
Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika.
Kisha:
"Wa tatu. Ile pumzi,
ipo?"