Kiti cha Nyuma

Anayetaka kujua alivyopanda asome magazeti.
Mimi nilimwona kwa kioo kidogo cha juu ya usukani:
kipande cha paji, jicho moja, nywele zikimwaga,
miaka kumi na tisa, Škoda tatu,
kilomita laki sita na ushei, Karviná hadi Praha.

Safari ya kwanza alikaa mbele, ubavuni mwangu,
ukucha wake bado una vumbi la makaa.
"Usiniite mheshimiwa. Niite Bohuš."
Nikamwita Bohuš mpaka Olomouc, nikaona raha.
Praha, bawabu akamfungulia mlango wa nyuma,
na Ijumaa tulipoanza kurudi
akaingia kwa mlango ule ule.
Hakuna aliyemwamuru.

Alfajiri za kampeni, saa kumi na moja, lango la mgodi:
theluji, ndoo ya mawaridi mekundu,
chai yenye ramu kwenye chupa ya kijeshi.
Zamu ya usiku ilitoka na kope nyeusi, kama waliopaka wanja,
wakapokea ua kwa vidole viwili
kama risiti ya kitu ambacho hawakununua.
"Shimo hili halifungwi nikiwa hai," aliwaambia.
Ahadi ni deni. Nilikuwepo akikopa.

Na madeni mengine alilipa, nisimdhulumu.
Pensheni ya wajane aliipigania kifungu kwa kifungu,
akalala garini, jalada kifuani
kama mtoto mchanga anayecheuliwa.
Bibi Ludmila Šindelková alituletea vikeki vya jamu ya plamu
akilia, akitupangusia vioo kwa kitambaa chake cha kichwa.
Nilikula tisa.

Kisha unaibu waziri, na tai za hariri,
na simu iliyoita hata msalani.
Serikali ilikuwa ya mseto,
na kwenye mseto choroko haichagui chungu.
Siku ya kura ya kufunga mashimo alinyoosha mkono,
mkono ule ule wa mawaridi.
Mia moja na tatu waliafiki; yeye mmoja wao.

Usiku, karibu na Brno, akaniambia nisimame.
Akanunua soseji, akaishika tu
mpaka mafuta yakaganda kwenye karatasi.
"Zbyšek, wewe ungefanyaje?"
"Mimi kazi yangu kuendesha, mheshimiwa."
Jibu hilo lingali limenikwama kooni.

Ctibor, kaka yake, miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi,
alirudisha samaki wa Krismasi
akiwa hai, kwenye beseni alimotumwa.
Tukavunja barafu ya mto Olše, tukamwachia.
Gari lilinuka tope mpaka Pasaka.

Uchaguzi wa mwisho, kizingiti ni asilimia tano;
sisi tulijikwaa kwenye nne na nukta.
Ukumbini vinywaji vya watu mia mbili,
watu ishirini, na mmoja wao mpiga kinanda.
Akashukuru kila mtu kwa jina, hata mpishi.
Mawaridi yalibaki ndooni,
shingo zimelegea.

Jana nilimwona Ostrava, kituo cha tramu,
akibishana na mashine ya tiketi.
Anaipiga kwa kiganja, anarudi nyuma, anavaa miwani.
Kijana mwenye pete puani akamwonyesha pa kutia sarafu,
naye akaushika mkono wa kijana kwa mikono yake miwili,
akauliza anatoka wapi, mama yake anafanya kazi gani,
kama anayeomba kura.
Tramu ikaja, ikaondoka bila wao.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye gari langu mwenyewe,
kidole juu ya honi.
Sikupiga.
Niliogopa angevuka, akatabasamu,
akafungua mlango wa nyuma.