Mtaro wa Tisa

Profesa Helve Raudsik hafundishi kwa ubao.
Oktoba, saa mbili asubuhi, basi limetubwaga
ukingoni mwa kinamasi cha Kuresilla,
anatugawia viatu vya mpira, vyote saizi moja,
na kusema: "Atakayezama ndiye atakayeelewa kwanza."

Nilizama hadi goti.
Mboji ilinikamata mguu kama mdai,
ikabaki na kiatu cha kushoto.

Akadidimiza bomba, akavuta
mita mbili za giza bichi,
akalilaza juu ya turubai, akatuonyesha kwa ncha ya kisu:
hapa moto wa kale, mstari mweusi;
hapa chavua ya shayiri, mtu wa kwanza kulima;
hapa, sentimita nne tu, umri wangu wote.
"Someni," akasema.
Taavet akainama kutafuta maandishi.

Alichotuambia kwenye mtaro wa tisa
hakikuwa katika ratiba.
Ulichimbwa na babake,
enzi za trekta mpya na bendera nyekundu,
kwa nishani ya bati na kilo tatu za sukari.
Fundi hasa: mtaro umenyooka kama uzi.
Miaka hamsini umekifyonza kinamasi,
ardhi ikititia, ikitoa pumzi
iliyoibana tangu barafu ilipoondoka.
"Alikuwa anatulisha," akasema.
"Sukari ile niliilamba mimi."
Kisha akashika nyundo.

Tukapigilia mbao za msonobari,
tukashindilia mboji kwa miguu, mvua ikitucheka.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Yeye anayazoa, kwa sentimita:
Jumanne, kumi na moja chini ya uso wa ardhi;
Ijumaa, tisa.
Wizara inataka ripoti ya kurasa arobaini.
Bwana Uibo, jirani, anataka kujua
nani atamlipa malisho yake yakilowa,
na Profesa, aliye na jibu la kila kitu,
hilo hana; anampelekea mkate, wanakaa kimya.
Kuvumwani haiulizi. Inakunywa.

Neno ni moja, korongo:
ufa uliochimbwa na maji,
na ndege wa miguu mirefu.
Sikuwahi kuliwazia hadi Aprili,
tulipomkuta mmoja amesimama
palepale tulipoziba,
akiyakagua maji kama mkaguzi asiye na haraka.

Profesa hakupiga picha.
Alichutama, akasoma rula.
"Sifuri," akasema,
si kwetu,
kama mtu anayemrudishia babake chenji.