Sakafu ya Nne

Husema Kigoma ni mwisho wa reli.
Waje huku bondeni, Katubuka,
niwaonyeshe mwisho wa maji.

Yanateremka kutoka Mwanga juu ya lami,
yamebeba ndala ya mguu mmoja, maganda ya mihogo,
kidumu cha mawese kisicho na kifuniko.
Yanafika kwangu, yanakaa.
Hayana pa kwenda, nami sina pa kuyapeleka.
Ziwa liko nyuma ya kilima, honi ya meli tunaisikia,
lakini bakuli halijimwagi lenyewe.

Mimi ni fundi. Nyumba hii ni ya mikono yangu.
Mlango niliupima kwa kimo cha baba,
Nyabenda, mrefu kama mchikichi,
aliyeinama kila alipokaribishwa.
Nilimwambia: kwangu, mzee, hutainama.

Sakafu ya kwanza niliimwaga mwaka tuliooana.
Spesioza aliipiga deki mpaka ikarudisha sura yake.
Ya pili, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo
iliyozoa kuku na vyeti vya watoto.
Ya tatu haikungoja ya pili ichakae.
Saruji ilikuwa mbichi chura akapita;
nyayo zake zimo mpaka leo, pembeni mwa kabati.

Kila mara kifusi, kila mara moramu ya mkopo.
Sakafu naipandisha. Bati liko pale pale.
Swichi ya taa siku hizi naibonyeza kwa nyonga.
Dirisha limeshuka magotini,
bata wa jirani wanachungulia tukila.

Zamani mvua ilibisha hodi.
Wingu lilijikusanya ng'ambo, Kongo,
likavuka ziwa bila haraka,
ukaanua dagaa, ukaanua nguo,
ukabaki na nafasi ya kumaliza ugomvi.
Sasa linashuka lote kwa mkupuo, usiku,
katika mwezi usio wake,
kama mdai aliyekuja na mgambo.

Alikuja mtaalamu mwenye buti ndefu.
Akasema: hali ya hewa imebadilika.
Nikaitikia kwa kichwa.
Nilikwisha badilisha sakafu mara tatu.

Ikaja pampu. Ikanywa siku tisa,
ikakohoa, dizeli ikaisha,
na siku ya kumi ikanyesha.

Kwa Bi Zuhura matete yameota sebuleni.
Yeye amehamia Gungu kwa mwanawe.
Kila Ijumaa anakuja, anasimama barabarani,
anaitazama nyumba. Haongei.
Ufunguo amefunga kwenye ncha ya kanga.

Wananiuliza, na wewe unangoja nini?
Kiwanja cha mlimani kina bei, na bei haina huruma.
Halafu kuna kaburi la baba, kule nyuma,
ambalo nimelizungushia tofali kozi sita
ili asilowe zaidi.

Leo namwaga ya nne.
Kile kifaa changu, kile chenye kitone cha hewa ndani ya kioo,
mafundi wote tunakiita pimamaji.
Nimekinunua nikiwa kijana, nikidhani ni jina tu.

Anzelimi, miaka tisa, karudi shule,
kasimama juu ya ubao niliotandika mlangoni,
kanyoosha mkono, vidole vikagusa linta.
Akapiga kelele mtaa mzima usikie:
"Baba! Nimekua!"

Spesioza akaacha kuchota mchanga.
Akanitazama, kisha akatazama ndoo.

"Umekua," nikasema. "Kweli umekua."

Nikakung'uta saruji viwikoni,
nikaokota mwiko,
nikainama, nikaingia kwangu.