Pumzi Ina Sura

Saa kumi na moja alfajiri, Dundee,
basi la hospitali halijafika.
Muuguzi Eilidh kaniambia: vuta kwa nne,
toa kwa nne, usikimbize.
Nikahesabu kwa Kiingereza, nikakimbiza;
namba zao fupi kama vipande vya kucha.

Sasa nahesabu za nyumbani:
moja, mbili, tatu, nne.
Tatu inajivuta. Nne inatua mzigo.

Tanga sikuwahi kuiona pumzi yangu.
Hapa inatoka mdomoni nyeupe,
naikagua kama mshonaji akaguavyo upindo:
hii imekatika, imejikwaa kwenye bili ya gesi;
hii fupi, ni simu ya Mwanakombo sijaipokea;
hii
hii imenyooka.

Mzee mwenye mbwa ananiuliza kama nina sigara ya ziada.
Nacheka, hesabu inaharibika.

Naanza tena. Moja.
Kifua si mlango wa kusukumwa.
Mbili.
Nani alilificha neno pumzi
ndani ya pumzika,
na mimi miaka arobaini
nalitamka nikikimbia?

Tatu.
Taa za basi zinapinda kona ya Hilltown.
Lije tu.
Nne.