Nukta ya Wiki ya Sita

Nélida Tapullima hana sindano wala darubini.
Ana kompyuta inayopata moto kama chungu
na feni yenye panga moja bovu.
Hapa Iquitos, mji usiofikiwa kwa barabara,
amewagawa watu laki nne na ushee
katika visanduku vitatu:
walio hatarini, wanaoumwa, waliotoka.
Mishale inakwenda upande mmoja.
Hakuna mshale unaorudi.

Mimi si mwanahisabati. Nahesabu viluwiluwi.
Naingia nyua za watu na tochi na upawa,
nachungulia pipa, ndoo, tairi, kopo la maua,
naandika: nyumba ya 14, pipa la bluu, hamsini na wawili.
Jioni namkabidhi daftari lenye madoa ya mvua
naye analigeuza kuwa herufi
ambazo hazijawahi kuumwa na kitu.

"Hii beta," aliniambia siku moja akimenya ndizi,
"ni mama yako akienda kwa jirani kuomba chumvi."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Mbu huyu, alisema, ni mvivu,
hafiki mbali kuliko sauti ya redio ya jirani,
kuzaliwa na kufa kwake ni ua ule ule.
Anayesafiri ni sisi.
Sisi ndio mabawa yake.

Mwezi wa pili mkunjo ulipanda vizuri,
ukizifuata nukta kama mbwa amfuatavyo mwenyewe,
mpaka wiki ya sita.
Nukta ile ilikaa juu, peke yake,
kama mtoto aliyekataa kushuka mtini.
Wagonjwa arobaini na mmoja zaidi ya tuliowatarajia,
tena si wa mtaa mmoja:
wengine bandarini, wengine nyuma ya soko la Belén,
mmoja dereva wa bajaji wa njia ya uwanja wa ndege.
Kutoka Lima mkubwa wake akaandika:
Ifute. Ni kelele.

Hakuifuta. Alivaa viatu vya mpira,
tukakanyaga matope siku tatu,
mlango kwa mlango, swali lile lile:
wiki iliyopita ulimtembelea nani?
Wakatutazama kama tumeuliza jua linachomoza wapi.
Kwa Eufrasia Murayari, walisema.
Alifiwa.

Yerli, miaka sita. Dengi ya kutoka damu.
Watu walifika alfajiri wakakaa hadi jua likazama,
wanawake jikoni wakifunga wali kwenye majani,
wanaume uani wakicheza karata bila kubishana,
miguu mitupu chini ya meza,
mchana kutwa,
na mbu huyu huuma mchana.
Nyumba ya 14. Pipa la bluu.
Nililiandika mwenyewe.
Kumwaga ilikuwa kazi ya kikosi kingine, cha Jumatatu.

Usiku ule Nélida alichora mshale mpya.
Herufi za Kigiriki zilikuwa zimebaki tele,
lakini pembeni aliandika kwa mkono: rambirambi.
Mkunjo ukainuka, ukaigusa nukta.
Nilidhani atafurahi.
"Sasa tuwaambie nini," aliuliza, "wasiende msibani?"
Sikujibu. Feni ilijibu, tik, tik, kwa panga lake bovu.

Kisha akarudi kwenye kisanduku cha tatu,
ambamo waliopona na waliokufa hukaa pamoja
kwa kuwa mlinganyo hauoni tofauti:
wote hawaambukizi tena.
Akakikata kati kwa mstari wa kalamu.
Huku elfu na kitu.
Huku mmoja.
"Haibadilishi jibu," alisema. "Hata desimali ya kumi haitikisiki."
Akauacha mstari.

Jumatatu sikungoja kikosi.
Eufrasia alinifungulia bila neno.
Tukaliinamisha pipa la bluu, yeye upande huu, mimi ule.
Maji yalikuwa mazito kuliko nilivyoyaandika.