Mikono Inawekwa Wapi

Saa tisa alasiri, Kariakoo, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Swahili.
Luku imekata, feni imelala shingo upande,
nafukuzia mwanga wa dirishani kabla haujahamia kwa jirani.
Bupe amesimama mbele ya shuka jeupe
ndani ya gauni kubwa lisilo lake;
nimelibana mgongoni kwa vibanio saba vya kuanikia nguo.
Ukimtazama mbele, bibi harusi wa waziri.
Ukizunguka nyuma, kamba ya uani.

Naomba dakika moja zaidi. Ananipa.
Naomba nyingine. Ananipa, na chenji juu.

Kiatu ni namba thelathini na nane, mguu ni arobaini na moja.
Duka lilituma kiatu, halikuuliza mguu.
Amekunja vidole humo ndani kama mtu anayeficha noti,
na usoni hakuna ukunjo:
usoni ni Jumapili asubuhi, chai imeiva, hakuna anayedaiwa.

Watu husema, kazi yao si kusimama tu?
Haya, simama.
Simama kama Eliakunda, juu ya zege la Mburahati,
mwezi wa pili, saa saba mchana, koti la sufu hadi kidevuni,
maana mteja ana duka Makambako na huko kuna baridi.
Aliniuliza, "Nifikirie nini?"
Nikamwambia, "Umande."
Akaufikiria umande
mpaka mimi niliyevaa singlendi nikajikuta nimejikumbatia.

Na yupo Mzee Mtengeti, mstaafu wa reli,
babu wa matangazo yote ya bima niliyowahi kupiga.
Amepakata wajukuu kumi na mmoja, hata mmoja si wa damu yake,
na majina yao anayataja kama vituo vya treni,
haruki hata kimoja.

Kuna deni moja sijalilipa.
Sikudhani, wa Tandale. Bango la sabuni pale Mwenge,
refu kuliko nyumba aliyopanga.
Niliambiwa nimng'arishe.
Nikamng'arisha.
Mama yake akapita chini yake siku tatu na beseni la vitumbua,
hakumwona mwanawe.
Sikudhani hakupiga kelele. Alipanda ngazi zote tatu,
akanyoosha mkono juu ya meza yangu:
"Hii rangi uliipeleka wapi?"
Nilitafuta jibu, nikakuta ni jina lake.

Tangu siku hiyo sifuti kitu.
Kovu la chanjo begani, libaki.
Mwanya, ubaki. Vumbi la Tandale kwenye kisigino,
limetembea kuja kazini, nani mimi nilifukuze?

Alirudi, lakini. Hilo ndilo linalonishinda.
Alirudi na kazi akafanya, na tulipomaliza
akaichukua kamera mkononi mwangu. "Leo wewe."
Miaka kumi na tisa nimesema legeza bega, shusha kidevu, pumua;
nikasimama pale kama mtu aliyeitwa kituoni kutambua mwizi.
Meno sikujua yanatoka mangapi.
Mikono ndiyo ilikuwa balaa: mfukoni ni jeuri,
kifuani ni mwalimu wa zamu, nyuma ni mshitakiwa.
"Mikono inawekwa wapi?" nikauliza.
Akacheka hadi kamera ikatikisika.
"Haiwekwi. Inaachwa."

Picha hiyo ninayo. Haijatulia, na mimi sijatulia.
Nimeitundika ndani ya mlango wa choo cha studio
ili kila mfanyakazi wangu anione nilivyo upande wao.

Sasa mwanga umeshahamia kwa jirani.
Nabandua vibanio vya Bupe, kimoja, kimoja.
Cha saba hakikushika kitambaa peke yake.
Kimeshika ngozi; kimeacha alama nyekundu, meno mawili.
"Tangu saa ngapi?"
"Tangu picha ya kwanza," anasema, anavua viatu, anahesabu vidole.

Picha ya kwanza ndiyo mteja aliyoichagua.